Nilimwambia binti yangu kwamba labda ni mwalimu wake aliyetoa siri

Admin naomba unifichie jina, wanaonijua humu ni wengi. Mimi ni mwanaume wa miaka 47, fundi wa kuchomelea mageti hapa Kibaha, elimu yangu darasa la saba. Nina binti mmoja, nimwite Rehema, yupo kidato cha nne shule ya bweni huko Kisarawe. Mama yake tuliachana mwaka jana, akaolewa Morogoro. Nilichomfanyia huyu mtoto, na mwalimu wake pia, kinaninyima raha mpaka kazi naiona chungu.

Mwaka huu Rehema alianza kuporomoka. Analala darasani, anachapwa, kesho analala tena. Walimu wakasema mvivu. Na mimi nikasema mvivu, nikampigia kwa simu ya matroni nikamfokea bila kumuuliza kitu. Mtu mmoja tu ndiye aliyemuuliza kwa nini usiku halali, mwalimu wa ushauri nasaha, wanafunzi wanamwita Madamu. Hana hata ofisi, watoto anakaa nao kwenye stoo ya vitabu. Rehema akamfungukia kwamba tangu mimi na mama yake tuachane alianza kukojoa kitandani. Kwa hiyo bwenini alikuwa anajilazimisha kukesha, anaogopa kusinzia, halafu usingizi unamshika asubuhi mwalimu akiwa ubaoni.

Madamu akaniita shuleni. Akaniambia, "Baba Rehema, mtoto kakubali nikwambie wewe tu, na amelia sana mpaka kukubali. Mpeleke hospitali akapimwe, hili linatibika. Ila usimwambie mtu mwingine, hata ndugu."

Nikamjibu, "Mwalimu, mimi ni baba yake. Nimtangaze ili iweje?"

Yule mama alifanya kazi jamani, lazima niseme. Aliongea na walimu wenzake wakaacha kumchapa, na sababu hakuwaambia. Jioni anakaa naye anamrudisha kwenye masomo aliyoachwa. Mtoto akaanza kupanda, mpaka hesabu, somo ambalo alikuwa analikimbia.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, hospitali, na nikashindwa. Niliona aibu. Ningeanzaje kumweleza daktari mambo kama yale binti yangu amekaa pembeni? Kwetu mambo ya mtoto wa kike baba hayagusi, yanapitia kwa shangazi. Basi nikampigia dada yangu yupo Maneromango, nikamwomba ampeleke yeye, na nikamwambia hii ni siri. Akaniapia.

Likizo ilipofika Rehema akaenda kukaa kwa shangazi yake, na kulikuwa na shughuli ya harusi huko huko Maneromango. Wanawake wapo uani wanapika pilau, dada yangu kanogewa na stori. Rehema kapita na ndoo ya maji, shangazi yake akamwambia mbele ya watu wote, "Mwari mzima unaloanisha godoro! Mumeo siku ya ndoa tutamtunza koti la mvua."

Mwingine akadakia, "Na mabuti yake!"

Uani kote kicheko. Mmoja wa waliocheka ni binti wa jamaa zetu anayesoma shule ile ile. Shule ilipofunguliwa Rehema akakuta pampasi imewekwa juu ya kitanda chake. Akafungasha, akarudi Kibaha. Nilipomwakia dada yangu akanijibu, "Wee nawe! Mimi shangazi yake, nisimtanie? Nilitaka aone aibu aache." Nilitamani kuirusha ile simu ukutani.

Lakini mwenye kosa kubwa ni mimi, na sehemu yenyewe ni hii. Siku aliyorudi, Rehema alisimama mlangoni bado yupo na sare ya shule, akaniuliza, "Baba, waliokuwa wanajua ni wewe na Madamu tu. Nani kamwambia shangazi?"

Nikaogopa. Mwanaume mzima nikamwogopa mtoto wangu. Nikasema, "Labda Madamu. Hawa walimu nao wana namba za ndugu zetu."

Akaniamini pale pale. Akachukua simu yangu, akampigia rafiki yake wa bwenini kupitia simu ya matroni akamsimulia, habari ikasambaa shule nzima. Sasa hivi ile stoo haendi mtu. Mkuu wa shule kamwambia Madamu aisimamishe kwanza hiyo kazi ya ushauri mpaka mambo yapoe. Madamu akanipigia, hata hakufoka, na bora angefoka. Akasema, "Baba Rehema, wanafunzi wananiita redio. Kuna binti alikuwa ananieleza mambo mazito ya nyumbani kwao, kaacha kuja, na sijui usiku anakuwaje huko. Nikimwambia Rehema mimi ataona najitetea. Mwambie wewe."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Rehema yupo ndani. Shule hataki kusikia, mtihani wa taifa unakaribia, na hospitali mpaka leo hatujaenda. Shangazi hamtaki, mama yake hapokei simu zake, Madamu kamfuta. Amebaki na mimi. Jioni ananiwekea chakula, ananiambia, "Baba, angalau wewe hukunisema." Nasogeza sahani, nasema nimeshiba.

Nikimwambia ukweli, naona atabaki hana mtu hata mmoja, na mtihani ndiyo basi. Nikinyamaza, mwalimu aliyemsaidia mwanangu nimemmaliza, pamoja na watoto wengine waliokuwa wanamtegemea. Na Madamu kanitumia meseji kwamba Jumamosi anakuja hapa nyumbani kumwona Rehema.

Kunitukana nitukaneni, nimestahili. Ila mkishamaliza, nyie wenye mabinti, na hasa nyie mabinti mliowahi kudanganywa na baba zenu mkaja kujua, nielekezeni. Nimwambie kabla Madamu hajafika, au nimwambie mwalimu akiwepo? Na nikishamwita akakaa mbele yangu, neno la kwanza nianze na lipi?