Kuogelea Juu ya Benchi

Mimi ni kocha wa kuogelea katika mji ambao bwawa lake la kuogelea halina maji. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Wengi wamecheka kabla yako na mimi bado nipo.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya klabu ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Likasi. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo, na sisi watoto wa kambi tulikuwa tunaingia bure Jumatano mchana. Hapo ndipo nilipojifunza, na hapo tu ndipo nilipowahi kuwa mwepesi, maana nchi kavu nimekuwa mzito tangu utotoni. Halafu pampu ikafa. Wakasema itatengenezwa. Maji yakawa ya kijani, yakapungua, yakaisha, na mlinzi akapanda lengalenga, mchicha wetu wa huku, kule kwenye kina kirefu ambako udongo ulikuwa umejikusanya. Lengalenga zake ni tamu, sikatai.

Mtu mwenye akili timamu angeachana na habari ya kuogelea. Mimi asubuhi nilifundisha shule ya msingi, na mchana nilitoa mabenchi ya klabu, nikayapanga ukingoni mwa bwawa kavu na kuwaambia watoto walale kifudifudi. Kila mmoja alikuja na beseni lake. Benchi ni la mikono na miguu: unavuta, unasukuma, unapiga miguu taratibu, na mwenzako amekushika visigino ili ahisi kama umekaza. Beseni ni la pumzi: uso ndani ya maji, unapuliza, kisha unageuza kichwa kushoto na kuvuta hewa. Kushoto tu. Mimi nilifundishwa pande zote mbili, lakini mchana jua lilitupiga upande wa kulia, na mtoto akigeukia huko anakunja uso na kupiga chafya. Basi watoto wangu wote waligeukia kushoto. Aliyekaza miguu nilimwambia, "Usibishane na maji," ingawa maji yenyewe yalikuwa ya beseni.

Wazazi walinisumbua kuliko watoto. Mama mmoja wa kanisa la maombi alikuja kunionya kwamba anayejifunza maji anajifunza njia ya kwenda kwa mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki ambaye huvuta watu chini.

"Maman," nikamwambia, "beseni njo hii. Mamba muntu ataikala wapi?"

Alicheka bila kutaka, lakini mtoto wake hakumleta tena.

Baba mwingine, mwenye duka, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, alikuja na binti yake na wasiwasi mwingine kabisa. "Maman coach," akasema kwa adabu, "mutoto wangu atavua manguo mbele ya bantu?"

"Papa, kule maji haiko. Atavua manguo ya nini?"

Akafikiri, akaona nasema kweli. Binti akaanza kuja kila mchana, kitambaa kichwani, suruali ndefu, beseni kwapani. Alikuwa mbishi, na maswali yake hayakuisha. Siku moja aliinua uso kutoka kwenye beseni, maji yakimchuruzika kidevuni, akaniuliza, "Coach, miye nitajua namna gani kama najua?"

"Utajua siku ile utaingia mu maji."

Nilijibu haraka, kwa sauti ya kocha. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu siku hiyo ya kuingia majini sikuwa nayo ya kumpa. Ziwa la Tshangalele si mbali, lakini mzazi gani angeniachia mtoto wake niende kumtosa ziwani? Na kusema kweli, mimi mwenyewe niliogopa. Kwenye benchi watoto wangu wote walikuwa waogeleaji. Nilipendelea wabaki hivyo.

Yule binti ndiye niliyemchagua moyoni anirithi, mimi na mabenchi yangu. Sikumwambia. Nilidhani mambo kama hayo yanaonekana yenyewe. Akaolewa, akaondoka na mume wake kwenda kufanya biashara sijui wapi, wala hakuja kuniaga. Nilimkasirikia kama mtoto mdogo. Kwa wiki nzima kila mtu aliyekaza miguu alinisikia.

Baada yake walipungua. Wavulana walienda kuchimba madini, wasichana wakaenda kuuza, na waliobaki wakachukuliwa na mpira wa miguu, mchezo ambao hauhitaji hata beseni. Mume wangu akafariki. Wanangu wako Kolwezi. Jumapili wananipigia simu na kuniuliza kama nimekula, nami nasema nimekula. Hadi leo napika bukari, ugali wetu, ya watu wawili, mkono umekataa kujifunza. Mchana natoa benchi moja, naliweka ukingoni, nakaa. Mlinzi akiwa na huruma ananiletea lengalenga na kusimama kidogo, kisha anakumbuka kazi yake.

Mwaka jana nilikwenda ofisi moja ya michezo kuomba wanitafutie hata watoto wachache. Kijana aliyekuwa mezani alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza, "Maman, natation bila maji, njo sport gani ile?"

Ofisi nzima ilicheka. Nami nikacheka, ningefanya nini? Nilipofika nyumbani nililia, na sikulia kwa sababu ya kicheko chao. Yule kijana aliuliza swali langu mwenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kumwona mwanafunzi wangu hata mmoja ndani ya maji. Nikianguka kesho, nitakuwa nimeacha nini hapa duniani? Watu wanaojua kuogelea, au watu wanaojua kulala juu ya benchi? Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Ilikuwa hivyo mpaka siku moja ya joto, kabla ya mvua, nilipokwenda sokoni kununua samaki. Muuzaji alikuwa mama aliyetoka ziwani, na pembeni yake binti yake mdogo alikuwa ameinamia beseni la kunawia mikono. Uso ndani, anapuliza. Akageuza kichwa kushoto, akavuta hewa, akarudisha uso. Tena kushoto. Tena kushoto.

"Huyu mutoto iko nafanya nini?" nikauliza.

"Aa, maman, njo michezo yabo ya kule ku lac. Batoto bote banafanyaka vile. Ananimalizia maji."

Nililipa, nikaondoka, nikarudi kuchukua samaki niliyemsahau. Nikamuuliza yule mama kijiji chake ni kipi. Siku mbili baadaye nilipanda pikipiki nyuma ya kijana aliyeendesha kama amefukuzwa kwao, nikafika ziwani na vumbi mpaka kwenye meno.

Kulikuwa na duka dogo limefungwa. Jirani akaniambia mwenye duka amekwenda Lubumbashi kutafuta bidhaa, mwanamke mwenye kitambaa kichwani, mtu wa Likasi, mbishi kidogo lakini mzuri. Ni yule yule binti niliyemhisi tangu sokoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya lawama na ya shukrani yamechanganyika, na sasa hakukuwa na wa kumwambia. Nikashuka ufukweni peke yangu.

Pale mitumbwi ilikuwa imepinduliwa kwenye mchanga, na juu ya kila mtumbwi mtoto amelala kifudifudi, anavuta na kusukuma hewa, mwenzake amemshika visigino. Mbele yao mabeseni yamepangwa mstari, yamejaa maji. Na hatua chache kutoka kwenye mabeseni lilikuwepo ziwa, pana, tulivu, limejaa mpaka jicho linapochoka.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wametoka na mabeseni, wakachota maji ziwani, wakayaleta kando ya ziwa ili wajifunze kuogelea! Lakini yule binti angejulia wapi? Hakuwahi kuona kuogelea kukianza kwa namna nyingine. Alipofika kwenye maji yote haya, kitu cha kwanza alichotafuta ni benchi.

Kisha msichana mkubwa kidogo akapiga makofi, na watoto wakakimbia kuingia ziwani. Nikasimama. Wakalala juu ya maji, na maji yakawabeba. Wakaenda sambamba na ufuko, miguu taratibu, vichwa vikigeukia kushoto, wote kushoto. Kule, saa ile, jua lilikuwa upande wa kushoto. Liliwapiga usoni kila walipovuta hewa, wakakunja nyuso na kupiga chafya, na hawakugeukia kulia hata mmoja.

Walipotoka nilimwita msichana mdogo aliyekuwa karibu, nikimficha machozi. "Nani njo alibafundisha?"

"Maman wa butike."

"Na yeye, nani alimufundisha?"

Akafikiri, akijikuna mguu kwa mguu mwingine. "Hakuna. Alikuya tu anajua."

Nilifungua mdomo. Kisha nikaona jinsi walivyonitazama, kama mtu anavyomtazama bibi mgeni aliyejaa vumbi, nikaufunga. Nilijisikia peke yangu kama mezani kwangu jioni. Kazi yangu ilikuwa imebaki, kweli, ilikuwa imebaki na inaelea, na mimi sikuwemo.

Basi nikavua viatu. Nikakaza kikwembe changu kiunoni na kushuka kuelekea majini, kwa mara ya kwanza tangu pampu ile ife. Yule msichana mdogo akanikimbilia mbele, akanyoosha mikono yote miwili kunizuia.

"Maman, apana! Bantu banaanzaka ku bwato."

Wengine wote waligeuka, wakingoja waone kama sheria yao inamhusu na mtu mzima. Ningeweza kumwambia kwamba niliogelea kabla mama yake hajazaliwa. Nilirudi nyuma, nikapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikalala kifudifudi, mzito kama nilivyo. Mbao zilinuka samaki na zilikuwa za moto. Mikono midogo ikanishika visigino. Nikavuta, nikasukuma.

"Maman," sauti ikasema nyuma yangu, bila huruma yoyote, "unakaza. Usibishane na maji."

Nikalegeza miguu.