Tangulia, Nitakukuta

Habari ya kifo chake nilipewa na mpwa wake kwa simu, na tulimzika siku hiyo hiyo. Wasomaji wangu wa hapa Dubai huenda mlimwona bila kumjua: mzee wa Kiunguja aliyezoea kukaa nje ya kituo cha metro cha Al Jaddaf, akimtazama usoni kila kijana aliyebeba begi mgongoni. Tulikuwa tukimtania kwamba anatafuta mkwe.

Ujanani alitoroka masomo Uturuki, akapanda basi bovu la vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu waliokuwa wakienda India kwa nchi kavu, wakishindia mkate na chai. Waswahili mle ndani walikuwa wawili tu, yeye na kijana wa Mombasa. Walipofika Herat, Afghanistan, mwenzake akashikwa na homa. Desturi ya njia ile ilikuwa mzima aende na basi, amngoje mgonjwa mji wa mbele. "Tangulia, nitakukuta," akaambiwa. Alingoja Kabul mpaka theluji ikaanguka. Akawauliza wasafiri waliotoka Herat, akaambiwa kijana alishaondoka. Basi akamwachia mwenye hoteli aliyofikia Kabul maneno kwamba atakuwa Dubai, akaja kutafuta kazi, na hakuondoka tena. Dada yake Unguja alimwekea chumba mpaka akachoka kukifagia.

Siku moja nilimkabili. "Mzee, mwenzako sasa ana mvi kama wewe. Vijana unawatazamia nini?"

"Najua, mwanangu. Lakini uso ninaoujua ni ule."

"Si uende Mombasa ukawaulize watu wake? Ndege ziko tele."

Akamfuata kwa macho kijana aliyekuwa akipita na begi. "Nikiuliza, watanijibu."

Nilikasirika, nikamwita mwoga. Lakini sisi tunaoishi ugenini, nani hana mtu aliyeacha kujibu ujumbe? Tunasema atakuwa amebadili namba, khalas, tunarudi kazini. Hatupigi simu kwao kuuliza.

Juzi, tukikunja nguo zake chumbani kwake huko Mirdif, mpwa wake alinigeukia. "Jina la rafiki yake mjomba tunalo, na mtaa tunaujua. Tuwatafute watu wake?"

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikajikuta nikisema, "Ngoja kwanza."

Hatukulizungumza tena. Nilichojifunza kwa mzee yule kinanitisha: mtu usiyeuliza habari zake hafi, na wewe huondoki. Jana nilishuka Al Jaddaf bila shughuli yoyote, nikakaa pale pale alipokuwa akikaa.