Mguu wa Mtoto wa Ndugu Yangu

Wanaosimulia habari za msimu ule wa mpira hapa Louisville, mji wetu wa Kimarekani, huongeza mengi: kwamba kijana alirogwa na mtu aliyeitaka nafasi yake, kwamba madaktari wa Buffalo walitaka kumkata mguu. Sikuona ushahidi wa lolote kati ya hayo. Nilikuwepo kwenye michezo mitatu, na ninaandika niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe.

Kijana ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Tulitoka Kivu pamoja na mama yake, tukapangiwa nyumba moja huko Shively, pembeni mwa Louisville. Katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi, chuo kimoja kidogo cha hapa kilikuwa na timu changa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kuangushana. Huo ulikuwa msimu wa pili wa timu hiyo. Ilihitaji mtu wa kazi moja: kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo mbili. Mtoto wetu, aliyekulia kwenye kandanda, akachukuliwa. Chuo kilimsomesha kwa ajili ya mguu wake wa kulia. Pasipo timu pasingekuwa na masomo. Kingemngoja ghala lile lile ambako mama yake alipakia masanduku.

Mchezo wa kwanza ulikuwa hapa nyumbani, katika mvua. Shemeji, mama wa kijana, alicheka kwa Kiswahili cha kwetu Kivu: "Hii mpira gani? Banaume bazima banakumbatiana mu matope!" Kijana alipiga mara mbili, na mara zote mpira ukapita. Alipotoka uwanjani alikuwa anachechemea.

Mchezo wa pili ulikuwa Columbus, tukalala pamoja na kijana kwa mwanafunzi mmoja Mkenya aliyepanga karibu na chuo kikuu. Asubuhi nilimkuta shemeji amepiga magoti kando ya beseni la maji ya moto na chumvi, akiukanda muundi wa mguu wa kulia wa mwanawe kwa vidole gumba, kwa nguvu, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu mshipa unaposemekana umeruka. Kijana alikuwa ameuma taulo.

"Umemwona daktari wa timu?" nikamuuliza kijana.

"Iko mushipa tu, baba mukubwa. Bon, docteur akiona, batanitoa mu équipe."

"Nani amekuambia watakutoa kwenye timu? Kocha?"

"Hapana. Batu banasema."

"Watu gani?"

Mama yake ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa: "Shemeji, weye ulisoma vitabu. Mie nilikanda baba yake miaka yote. Acha nifanye."

Nilimwagiza kijana aende kwa daktari kabla ya kuvaa viatu. Akaitikia. Hakwenda, alikiri hivyo mwenyewe baadaye. Siku hiyo mpira wake ulianguka mbali na nguzo.

Mchezo wa tatu ulikuwa Buffalo. Tulifikia kwa jamaa zetu wa Lackawanna, jirani na mji huo, nao wakatupeleka uwanjani katika upepo mkali. Nilisimama karibu na mstari wa pembeni. Kijana alikimbia, akapiga, akaanguka. Hakuna mchezaji aliyemgusa. Sauti ya mfupa ukivunjika niliisikia.

Hospitalini daktari alinionyesha picha ya mfupa: palikuwa na ufa wa zamani, na mfupa ulikuwa umevunjika palepale. Ufa ule, alisema, ungepona kwa kupumzishwa tu. Kuukanda mguu na kukimbia nao ndiko kulikouharibu.

Kocha alikuja na kofia mkononi, akasimama nasi kwenye korido. Alisema kwa Kiingereza kwamba kama kijana angemweleza mapema, angempumzisha na nafasi yake ingemngoja. Amewahi kufanya hivyo kwa wengine. Sasa, kwa mguu kama huu, hawezi kumwahidi kitu.

"Muzungu anasema nini?" shemeji akaniuliza.

Nikamtafsiria yote, pamoja na maneno ya daktari, bila kupunguza. Akaitazama mikono yake, kisha akaificha ndani ya kitenge.