Viatu vya Barafuni

Siku zote nimemnunulia binti yangu viatu vya mwaka unaokuja. Cha Idi hii lazima kivaliwe mpaka Idi ijayo, na mbele hujazwa pamba. Ndivyo nilivyolelewa mimi, na miguu yangu haina neno.

Alipotimia miaka tisa akawa amenogewa na kuteleza kwenye barafu. Ndiyo, barafu, na sisi ni watu wa Mji wa Kale, ambako barafu ni ya kutia kwenye juisi. Alianzia kwenye viatu vya magurudumu, jioni, kule Kizingo. Likizo akaenda kwa shangazi yake Nairobi, akaingizwa kwenye ukumbi wa barafu, akarudi hana jingine la kuzungumza. Kisha mwalimu wake wa huko akanipigia simu. Viatu vya kuazima vinampwaya, kifundo kinayumba, siku moja kitavunjika. Bila viatu vya kipimo chake, hatamruhusu tena kuruka.

Vyuma vya chini tulivipata, kakangu baharia alivileta. Vikabaki viatu vyenyewe. Nikampeleka mtoto kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee aliyezoea kuwashonea viatu vigumu watoto wenye miguu iliyopinda.

"Ami," nikamwambia, "mzidishie nafasi ya kidole kimoja mbele. Yuwakua mbio huyu."

Fundi alivuta kigoda. Alimkalisha mtoto, akamvisha soksi nyembamba atakazochezea, akauchora mguu kwenye karatasi. Kisha akamsimamisha, akauchora tena juu ya mchoro uleule. Nikainama kutazama. Mguu ulikuwa umetanuka na kurefuka mbele ya macho yangu. Subhanallah! Akachora na wa pili, kumbe wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Miaka tisa nimeiosha miguu ile na kuikata kucha, wala hilo sikulijua. Fundi akapima kisigino, kifundo, mgongo wa mguu, kila mara anaandika, nami nimeduwaa kama mtu anayesomewa barua aliyotumiwa yeye.

Nilipozinduka nikamkumbusha kile kidole changu.

"Mbele nitaacha upana wa punje ya mchele," akasema. "Kisigino hakitaki nafasi hata kidogo. Akikua, mlete nimpime tena."

"Punje ya mchele! Ami, hivyo ni viatu vya miezi mingapi?"

Nilipandisha sauti, sikatai. Mimi nikikasirika jirani hufunga dirisha. Fundi alingoja nimalize, akamvua mtoto soksi, akaniambia niguse vidole vyake kwa juu. Kila kidole kilikuwa na sugu, ngumu kama punje ya mahindi.

"Vidole hivi yuwavikunja," akasema taratibu. "Kila kiatu alichovaa alikuwa akikishika kisimtoke."

Niliona haya, tena haya kubwa, maana mtoto alikuwa amekaa palepale akinitazama, na hajawahi kunilalamikia hata siku moja. Nikamwambia fundi ashone anavyojua.

Wiki tatu baadaye viatu vilikuwa tayari, ngozi nyeupe, ngumu, vyuma vimekazwa kwa skrubu. Fundi alizifunga kamba mwenyewe, akizikaza zaidi penye kifundo, akatandika zulia kuukuu la makumbi ya nazi na kumwambia mtoto asimame. Akasimama. Kisha, bila kuambiwa, akanyanyua mguu mmoja nyuma, akatandaza mikono, akatulia tuli juu ya chuma chembamba kuliko penseli. Kifundo hakikutikisika. Nilimzaa mimi mtoto yule, lakini pale niliogopa kumsemesha.

Akaushusha mguu, akachezesha vidole ndani ya viatu, akanigeukia kwa mshangao.

"Mama, kumbe kiatu hujishika chenyewe?"