Vikombe Vitano vya Umulkheir

Umulkheir Dualeh, binti wa askari mstaafu wa Kisomali, alikuwa na hoteli ndogo ya chai mjini Isiolo. Mwaka 1975 Mjapani aitwaye Nishio, fundi wa visima aliyekuwa akichimba Garbatulla, alianguka kwa malaria mlangoni pake. Umulkheir alimlaza chumba cha nyuma, akamnywesha supu ya mbuzi siku tisa mpaka akasimama.

Mwaka uliofuata likaja sanduku la mbao kutoka Japani. Abduba, dereva wa lori na mteja wake wa kila asubuhi, ndiye aliyelitoa Nairobi. Ndani, katikati ya nyasi kavu, mlikuwa na birika dogo na vikombe vya kauri, kijani chake kama jani la mgunga baada ya mvua. Umulkheir akahesabu: vitano. Akainua kimoja kwenye mwanga, akaona nyufa nyembamba zimetambaa kote.

"Abduba," alisema, hoteli imejaa watu, "umepasua zawadi yangu, na kimoja umeiba."

"Wallahi, dada, sanduku sijafungua."

"Vikombe ni sita! Nani anauza vitano?"

Abduba akaacha chai yake nusu, akatoka. Miaka mitatu hakukanyaga pale. Wenye mizigo nao wakaanza kutafuta madereva wengine.

Mwaka 1979 Nishio akarudi kukagua visima. Umulkheir akamtolea vile vikombe kabatini, macho chini. "Samahani, vilipasuka njiani."

Nishio akajaza kimoja maji ya moto. Hata tone halikuvuja. "Mama, hivi ni vizima. Baba yangu huvipaka maji ya majivu na mawe yaliyosagwa, na motoni yanageuka kioo. Vikipoa, kile kioo hufanya nyufa, udongo wenyewe haupasuki. Ukivitoa tanuruni unavisikia vikilia ting, ting, kutwa nzima. Babu yangu alimfundisha hivyo."

"Na cha sita?"

"Kwetu huwa vitano."

Umulkheir alijitanda shuka, akaenda moja kwa moja kwenye malori. Alimkuta Abduba chini ya gari.

"Nilikukosea. Nisamehe."

Abduba alitoka, akajifuta grisi polepole. "Uliniita mwizi mbele ya watu. Hapa tuko wawili tu."

Asubuhi iliyofuata, hoteli ikiwa imejaa, Umulkheir alisimama akaeleza yote. Kisha akammiminia Abduba chai ya maziwa na iliki katika kikombe cha kijani. Nishio, ambaye kwao vikombe hivyo ni vya chai tupu, alitazama tu.

Abduba alimaliza kwa mkupuo mmoja. "Ni kidogo sana hiki. Ongeza."

Wengi walimrudishia mizigo yao. Lakini Halkano, mfanyabiashara wa mifugo kule Biliqo, alikataa katakata. Uvumi ulishamfikia, ukweli bado. Basi Umulkheir akafunga hoteli, akapanda lori la Abduba, wakasafiri siku mbili kwenye vumbi, ili amwambie Halkano kwa mdomo wake mwenyewe.