Mama Donatus na Ngitili ya Kijiji

"Mkutano mkuu siku ya mnada, Maige? Wenye ng'ombe wote watakuwa mnadani. Utaongea na nani, na mbuzi?"

Hayo aliyasema Agatha, Mama Donatus, kwenye baraza la ofisi ya kijiji, mtendaji kainamia simu yake kama hasikii. Mwenyekiti Maige akamjibu kwamba tangazo limeshabandikwa, na yeye aende akapike. Ajenda ilikuwa moja: ngitili yetu wapewe wachimbaji waliotoka pande za Bulyanhulu, maana mmoja wao aliokota jiwe la dhahabu pale korongoni.

Ngitili ni malisho yanayofungwa masika, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikali. Yetu ni kongwe kuliko kijiji. Malori ya serikali ya kuhamisha watu mwaka sabini na nne yalipowamwaga wazazi wetu hapa, waliikuta imefungwa na wenyeji, nao wakaiheshimu. Wenyeviti wamekuja wakaondoka, ngitili ikabaki.

Mlinzi wake wa mwisho alikuwa baba mkwe wa Agatha. Alipofariki, Agatha akaichukua kazi, na wanaume wakacheka sana. Kicheko kilikatika mwaka wa ukame, alipomkuta Maige, wakati huo bado si mwenyekiti, kaingiza ng'ombe wake ndani. Adhabu ya ngitili haina pesa: unafyeka njia ya kuzuia moto kwa mkono wako mwenyewe, kutwa nzima. Mpaka ufyeke, ng'ombe wako hawaingii. Maige akaona aibu kufyekeshwa na mwanamke. Tangu hapo kila kiangazi anawaswaga mpaka kwa shemeji yake huko Nkome, na wengine wanafia njiani.

Siku ya mkutano ikawa kama Agatha alivyosema. Waume zetu mnadani. Wachimbaji wakamiminika uwanja wa shule na pikipiki zao, wakakaa mbele. Sisi wanawake tulikuja pia, maana kuni na nyasi za kuezekea tunazitoa wapi kama si humo? Lakini wao walikuwa wengi. Maige akatuangalia, akatabasamu, akasema tunyooshe mikono tumalize.

Agatha akasimama. Akaikaza khanga yake kiunoni.

"Kabla ya mikono, kila mtu asimame nyuma ya mwenyekiti wa kitongoji chake."

Maige akadai huo ni ukorofi. Watu wote wakamgeukia mtendaji. Akajifuta jasho, akasema kwa sauti ndogo kwamba wanaopiga kura ni wakazi tu, hivyo mama ana haki. Tukajipanga. Wachimbaji wakabaki katikati ya uwanja kama ng'ombe wasio na chapa.

Mmoja wao, Mwita, pande la mtu, akamfuata Agatha na sururu mkononi.

"Mama, na sisi tuna njaa."

"Najua, baba. Kiangazi ng'ombe wangu wakilala na njaa, utawalisha mawe?"

Mwita akaishusha sururu. Wenzake wakaanza kuwasha pikipiki. Mikono ikanyooshwa, ngitili ikabaki ya kijiji. Maige akafunga mkutano bila hata sala.

Tukamwambia Agatha asiende ngitili peke yake, mtu aliyeshindwa hivyo atalipiza. Hakusikia. Kesho yake asubuhi alisikia panga linakata vichaka ukingoni mwa ngitili. Nilikuwa naye, nikamvuta turudi. Akanitoa mkono, akasogea na panga lake.

Alikuwa Maige, shati kaning'iniza mtini, anafyeka njia ya moto.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, bila kuinua uso.

Agatha akaitikia. Akaikagua njia, akamwonyesha visiki alivyoviacha. Maige akarudi kuving'oa. Sisi tukaenda zetu kukata kuni, yeye akaendelea kwenye jua lile.

Jioni alikuwa amefika korongoni, mikono imechubuka, kipande kidogo bado. Agatha akampa kibuyu cha maji.

"Hicho kipande niachie mimi. Kiangazi lete ng'ombe wako."