Siku Nzima Nikimngoja Inyamanza

Mama mkwe wangu alipoondoka asubuhi ile kwenda kwenye shamba letu la zamani mlimani, aliniachia kazi moja tu: nikae nimtazamie ndege. Si ndege yeyote. Inyamanza, yule mdogo mweusi na mweupe anayechezesha mkia kila akitembea. Kwao Kirushya, alisema, watu wakihamia uwanja mpya hawaingii ndani wala hawawashi moto mpaka inyamanza aje mwenyewe atembee uani. Akija, mmekubaliwa.

Kwetu Nyantakara hatukuwa na mambo hayo. Mama mkwe huyo, rozari shingoni, Jumapili yuko benchi la mbele, halafu ufunguo wa nyumba kampa ndege!

Tulikuwa karibu wa mwisho kushuka kwenye kijiji cha ujamaa. Mama mkwe walimteremsha wakachoka, kila mara anarudi zake mlimani, hadi mgambo walipoezua paa lake. Mume wangu akatujengea nyumba kijijini, na alipomaliza tu kuiezeka akaitwa vitani. Basi tukawa tunalala kwenye kibanda cha majani ya migomba, na nyumba nzima iko mbele yetu, tupu. Mwanangu wa kwanza, hata kukaa hajajua, alikuwa anakohoa, na akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Mvua zilishaanza. Nilijua usiku mmoja wa mvua kwenye kile kibanda ungemmaliza.

Kwenda kwa mama yangu Nyantakara nilishaomba. Mwenyekiti wa kijiji alisema wakati wa vita hakuna kuzurura. Na jana yake alipita akatuona bado tuko nje.

"Shikamoo mama," alimwambia mama mkwe, kwa adabu zote.

"Marahaba."

"Kesho kutwa nikiwakuta humu, nyumba nampa mwingine. Wanaoitaka wapo."

Mama mkwe akaendelea kumenya ndizi.

Kwa hiyo nilikaa. Uwanja nilikuwa nimeufagia ili inyamanza akipita nyayo zionekane, na kwa sababu hiyo sikuruhusiwa kuukanyaga. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa mlangoni pa kibanda, mtoto mgongoni, kushoto migomba ya jirani, kulia shimo la udongo. Hata kwenda kuomba maji ilibidi nizunguke nyuma. Jamani, jela si lazima iwe na ukuta.

Ndege nikawaona, wee! Kunguru alikuja akatembea kama bwana shamba. Hua wawili wakaja, wakaoneana aibu, wakaondoka. Kwarara wakapita juu wakipiga kelele zao. Mwewe akazunguka mpaka kuku wa jirani wakaingia uvunguni. Kila kijidege kilichotua roho ilinipanda juu, nikikodoa macho naona mkia umetulia tu. "Tikisa basi, shetani wewe!" nilikiambia kimoja, kikaruka.

Niliwaza kudanganya. Lakini yule mama angeuliza alitokea upande gani, aliangalia wapi, kisha angeinama kutafuta nyayo.

Alasiri wingu likafunga. Mtoto akaacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mvua ikashuka, majani ya kibanda yakaanza kuvuja, nikamfunika kwa kifua changu huku maji yananitiririka mgongoni. Nililia. Nililia kwa hasira, nikamtukana ndege, mwenyekiti, vita, na mwanamume aliyeniacha na mama yake.

Mvua ilikuwa imepungua mama mkwe alipotokea na mkungu kichwani, kalowa chapachapa. Akamtazama mtoto. Akaweka mkono kifuani pa mtoto, akauacha hapo kidogo.

"Mlimani wapo," alisema. "Wanatembea kwenye uwanja wangu kama vile bado naishi kule."

Akageuka, akakatisha uwanja hadi mlango wa nyumba, akarudi.

"Amekuja," akasema. "Alikuwa pale mlangoni. Ingia na mtoto, washa moto."

"Mama, sijabandua macho hapa tangu asubuhi."

"Ulikuwa umeinama. Ingia!"

Niliingia mbio. Nilipokuwa nakatisha uwanja nilitazama chini: tope lote laini, halina kitu ila nyayo za mama mkwe, za kwenda na za kurudi. Nikawasha moto. Mtoto akapata joto, akakohoa, akashika ziwa. Nikamwita mama mkwe aje naye aote.

"Nyie laleni," alijibu kutoka kibandani.

Nikamwita tena na tena. Hakuja.

Kulipokucha, mtoto akiwa anapumua vizuri, nilitoka kumpelekea uji. Alikuwa amekaa juu ya kile kinu, kajifunika gunia, macho kwenye uwanja. Nikasimama mbele yake na kibuyu cha uji.

"Sogea," aliniambia. "Unanizibia."